Jemadari na Soksi ya Mahameli

Jumatatu, 3 Machi

Jemadari ameingia nyumbani! Wiki tisa tangu azaliwe. Kahawia mwili mzima, soksi moja nyeupe mguu wa mbele wa kulia. Uzito wake ni kama pakiti mbili za misumari, nimempima kwa mkono. Tumbo linatangulia, mengine yanafuata.

Nimempata kwa mwoka mikate wa pale kona, ambaye mbwa wake kazaa sita. Nilitaka niwe wa kwanza kuchagua. Nikaamka mapema, nikafika natweta. Nikamkuta Bi Pazia keshakaa juu ya gunia la unga, ana mtoto wa mbwa mapajani! Bi Pazia ni fundi wa mapazia. Duka lake na karakana yangu ya makochi vimetenganishwa na ukuta mmoja, na mwaka wa kumi na mbili huu tunabishania jambo moja tu: mgeni akiingia sebuleni, jicho lake hutangulia wapi, kwenye kochi au kwenye pazia? Kijibwa chake nacho ni kahawia, nacho kina soksi moja nyeupe, ila mguu wa kushoto. Kampa jina Karani, kwa sababu katulia. Katulia kweli. Wangu muda huo alikuwa ananing'inia kwenye suruali yangu kwa meno.

Mke wangu hakufurahi. Yeye ni muuguzi wa zahanati. Meno ya mbwa anayajua kwa upande wa kidonda. Akatoa neno lake bila kupandisha sauti: daktari wa mifugo aje kesho amchanje, na Jumamosi arudi kumkagua tabia. Akisema ni mwema, abaki. Akisema ana walakini, siku hiyo hiyo anarudi kwa mwoka mikate. Nikakubali upesi kabla hajaongeza masharti.

Nimemwambia huyu ni mbwa wa kulinda karakana. Ukweli ni kwamba tangu kitindamimba wetu aolewe, nyumba imepoa, na mke wangu akiwa zamu mimi huzungumza na viti. Hilo sikumwambia. Mwanamume ana heshima yake.

Jumamosi i karibu. Lakini nina miaka thelathini ya kukagua makochi. Mbwa atanishinda nini?

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa mifugo kaja na pikipiki. Mtu mpole, sauti ya chini, suruali imejaa manyoya ya wagonjwa wake. Jemadari kadungwa sindano. Akalia kidogo, akasahau, akamlamba daktari pua, akamng'oa kifungo cha shati.

Daktari akachukua karatasi, akaigawa safu mbili kwa kalamu. Kushoto, dalili za kutazamwa. Kulia, utundu wa kawaida. Akaniandikia yote huku akieleza. Nilisikiliza, lakini nusu, kwa sababu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja na niliona springi ya upande mmoja imelegea. Niliyoyashika ni haya. Mtoto wa mbwa huguguna mikono, hukimbiza miguu ya watu, hunguruma akivutana na tambara, na jioni huzunguka nyumba mbio kama kapagawa. Huo ni utoto. Ya kutazamwa ni mengine: anayekakamaa juu ya bakuli lake na kutazama kwa pembe ya jicho, anayeshtuka akajificha na asitoke tena, asiyetaka kuguswa. Na hata hayo, akasema, mara moja si tabia. Kisha akafunga sanduku lake.

"Tazama mwili wake, fundi," akasema. "Usihukumu kwa kelele."

Hapo ndipo alipopotea, maskini. Fundi makochi yeyote anajua kwamba kelele ndiyo ushahidi wenyewe. Unaweka kiganja katikati ya kiti, unabonyeza, unasikiliza. Kikilia, kuna springi iliyokatika au mbao iliyoachia. Kikinyamaza, kizima. Miaka thelathini sijakosea, ila lile kochi la hoteli, na lile silihesabu.

Daktari alipoondoka nimembonyeza Jemadari mgongoni. Kalia. Nimembonyeza tena. Kalia, kageuka, kanidaka kidole gumba.

Nimeingiwa na baridi. Mbwa ana kasoro!

Jioni nimetaka kuisoma karatasi vizuri. Nimeikuta chini ya meza, Jemadari kaikalia. Safu ya kulia, ule utundu wa kawaida, ameila yote. Safu ya kushoto ameila nusu. Kila mstari umebaki neno la mwanzo tu. Kunguruma. Kuuma. Kushtuka. Kukakamaa. Maelezo yote yako tumboni mwake.

Si neno. Maneno manne yananitosha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda na karatasi mkononi, nikimkagua.

Kunguruma: mara ishirini na moja, akivutana na mimi kwenye kipande cha mkanda wa kochi, mkia unapepea, mwili unayumba kama nguo kwenye kamba. Nimetia alama.

Kuuma: vidole vyangu, kamba za viatu, mguu wa meza, sikio langu nilipoinama kutafuta kalamu. Nikipiga yowe anaacha, ananitazama, analamba palepale alipouma. Unafiki huo. Nimetia alama.

Kushtuka: nyundo imeanguka. Karuka juu, kabweka, kakimbilia mlangoni. Kisha karudi, kainusa, kaishika mpini na kuiburuta uani. Nyundo yangu mwenyewe! Jeuri ya wazi. Alama.

Kukakamaa: hapana. Hata mara moja. Akila, nyuma yote inacheza, nikimgusa ananilamba na chakula kikiwa bado mdomoni. Nimefikiri sana kuhusu hilo. Kiunzi kisichokakamaa hakibebi mtu. Kwa hiyo, hiyo nayo ni kasoro. Alama.

Nne kwa nne. Huyu, daktari atamfelisha kabla hajavua kofia.

Mpango wa kwanza: kumchosha. Mbwa aliyechoka hana kelele. Nimemtembeza toka karakana hadi kwenye taa za barabarani na kurudi, mara sita. Mara ya saba nimeketi kidogo kwenye kochi la mteja kupumzisha magoti. Nimeamshwa saa kumi na ulimi sikioni. Wakati nimelala, Jemadari kafungua kiti cha Mwalimu Mkuu kwa upande wa nyuma na kutoa sponji yote, kipande kimoja kimoja. Karakana nzima nyeupe. Yeye katikati, kaketi, kafurahi, kipande juu ya kichwa kama kofia ya cheo.

Nilitaka kukasirika. Nimejaribu kwa nia njema kabisa. Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Mke wangu karudi zamu, kaniuliza kwa nini nina vitu vyeupe kwenye nywele. Nikamwambia ni kazi imezidi. Akamwangalia Jemadari, Jemadari akajinyoosha juu ya mguu wangu akalala. Hapo ndipo anapolala siku zote ninapogonga misumari. Mguu umekufa ganzi na siuondoi.

Nampenda. Basi, nimeandika. Arudi kwa mwoka mikate? Hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Bi Pazia kuazima mkasi. Mikasi ninayo minne. Nilitaka kumwona Karani.

Mbwa kaketi! Kwenye kona, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Hakubweka. Hakuja kunusa viatu vyangu. Nilipoinama kumsalimu akarudi nyuma hatua moja, nikaona ni staha, hapendi kumzoea mtu kabla ya kumjua. Nikampa kiganja mgongoni, nikabonyeza. Kimya! Hakuna springi inayolia. Mwili mgumu, umekaza kama kiti kipya kilichowambwa jana. Mbao za daraja la kwanza.

Bi Pazia akamwekea chakula. Karani kaingiza mdomo bakulini. Bi Pazia akapitisha mkono karibu kuokota pini, na yule mbwa akaacha kutafuna. Katulia tuli, shingo imekaza, jicho linatazama pembeni mpaka weupe wake unaonekana. Nikamsifu. Nikasema huyo ni mbwa aliyefundishwa kungoja wakubwa. Bi Pazia akavimba kichwa. Akasema mbwa humfuata mwenyewe, na watu wa mapazia ni watu wa utulivu, si kama wengine wanaoshinda kugonga gonga. 

Mara bomba la pazia likaanguka. Karani kaingia chini ya cherehani. Nikachukua mkasi nisiouhitaji, nikarudi kwangu, nikafanya kazi saa mbili, nikaurudisha. Bado yuko chini ya cherehani. Kiumbe anayejua kutumia muda wake peke yake!

Nilipomsimulia mke wangu, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema tu kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nikamwambia methali hiyo haihusu samani. Akauliza Jemadari anaendeleaje. Nikasema vizuri sana, anatulia kila siku. Wakati huo Jemadari alikuwa anapita nyuma yake na kiatu chake cha kazini.

Nimelala chali mchana huu nikitazama dari, na mpango ukaja wenyewe. Wote kahawia. Wote wana soksi moja nyeupe. Tofauti ni mguu tu! Na mguu ni kitu gani kwa mtu anayewamba viti?

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya maandalizi. Ninaandika haya nimejaa fahari.

Bi Pazia kesho asubuhi anakwenda kutundika mapazia ya ukumbi wa shule. Nilijua, kwa sababu amelitangaza wiki nzima kwa sauti inayopenya ukuta. Nikaenda kwake, nikakohoa, nikasema jirani ni jirani, mwache Karani kwangu nikusaidie kumwangalia.  Akaweka kanda ya kupimia mezani. Akasema alikuwa amenidhania vibaya miaka yote hii, kumbe mimi nina utu.

Nilijisikia vibaya kweli. Toka mlangoni kwake hadi mlangoni kwangu ni hatua kumi na moja, na nilijisikia vibaya karibu zote.

Kisha nikaingia kazini. Mguu wa kulia wa Karani ni kahawia, unahitaji weupe. Chaki ya fundi, dakika moja. Mguu wa kushoto ni mweupe, unahitaji kahawia. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Nina mabaki ya mahameli ya kahawia kutoka kwenye kochi la mke wa mkandarasi, rangi ile ile hasa ya mbwa hawa. Nimekata, nimeshona soksi ndogo, mshono kwa ndani, manyoya ya kitambaa yakielekea chini. Nimeivisha kidole changu na kukitazama dirishani. Kazi safi! Inasikitisha kwamba haitaonekana na mtu.

Jemadari naye nimemwandalia mahali pa kukaa mtihani ukiendelea: kiunzi cha kochi la watu watatu, nimekifunga mikanda juu na pembeni. Hewa inapita, maji yapo, blanketi lipo. Kizimba cha heshima. Mikanda ile hubeba watu watatu wanene kwa miaka ishirini. Mbwa wa wiki tisa hawezi kuifanya lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili Bi Pazia kamleta Karani na bakuli lake, kanishukuru tena. Saa mbili na nusu nimemvisha soksi na kumpaka chaki. Hakupinga. Alisimama kama kiti, hata sikumsikia akipumua, mkia kaubana tumboni. Nikamwambia mtahiniwa mwema huwa na wasiwasi kidogo.

Saa tatu daktari kafika. Mke wangu kaketi, mikono mapajani, kama yuko kwenye kikao. Nikamweka Karani katikati ya sebule, nikatangaza: Jemadari huyo! Daktari akachuchumaa, akamwita kwa mdomo. Karani akatazama mlango. Daktari akasema Jumanne alikuwa mchangamfu zaidi. Nikasema amekua.

Kisha daktari akadondosha funguo sakafuni. Karani kapotea. Tumemkuta nyuma ya kabati, kajibana kwenye pembe. Daktari hakumvuta. Akaketi chini, akangoja. Tukangoja wote. Kimya kizuri, nikawaza, hakuna kelele hata kidogo, tunapata alama. Robo saa. Hakutoka. Ndipo daktari akaweka bakuli la chakula. Karani akaja kwa tumbo, akaanza kula upesi upesi. Daktari akapeleka mkono, polepole, ukiwa bado mbali.

Yule mbwa akaganda. Jicho likaja pembeni. Na kutoka kifuani pakatoka sauti ndogo, ya chini, ambayo sikuisikia kwa Jemadari hata siku moja. Si kelele. Kelele ni kitu cha furaha, sasa naona.

Daktari akarudisha mkono. Akamwonyesha mke wangu kwa kidole: shingo, jicho, mkia. Akasema huyu si mbwa mbaya. Ni mbwa mwenye hofu, anayeamini kila mkono unakuja kumnyang'anya. Kwa umri huu anasaidika sana, udongo uwahi ungali maji, ila anahitaji mtu mvumilivu atakayefuata maelekezo kila siku. Kwa nyumba isiyowahi kufuga, asingeshauri.

Mke wangu akamtazama yule mbwa. Akasema basi, tulikubaliana, anarudi leo. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuitegemea, "Na mimi nilikuwa nimeanza kumzoea."

Moyo ulinipasuka. Nimesimama. Nimefungua mdomo niseme ukweli wote. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo. Na kabla neno halijatoka, mlango wa uani ukasukumwa, akaingia Jemadari, mbio, masikio nyuma, anaburuta mita tatu za mkanda wa kochi na misumari yake. Akazunguka sebule mara mbili. Akampita mke wangu chini ya kiti. Akaona funguo za daktari sakafuni, akazibeba.

 Daktari akamshika Karani mguu, taratibu sana, akavuta kidogo. Soksi ikatoka nzima. Akaigeuza, akautazama mshono. Akasema ni kazi nzuri. Nilitaka kumshukuru lakini nikaona si wakati wake. Kisha akatazama vidole vyake, vimejaa chaki.

Mke wangu akanitazama kwa macho yale anayomtazamia mgonjwa anayedai amemeza dawa na hajameza.

"Mtihani wa Jemadari, akafanya Karani," akasema. "Na aliyefeli ni wewe."

Daktari, mtu wa kazi, akasema kwa kuwa amefika amkague na mwenyewe. Akadondosha nyundo yangu. Jemadari akaruka, akabweka, akarudi, akainusa, akajaribu kuibeba pamoja na funguo. Akampa bakuli na kuweka mkono karibu: mkia ukazunguka, mwili mzima ukayumba, akaulamba mkono na kurudi kula. Akavutana naye tambara, Jemadari akanguruma kama pikipiki ya daktari yenyewe. Nikafumba macho. Daktari akamwambia mke wangu atazame mgongo, umelegea. Atazame mdomo, uko wazi. Akiachiwa tambara analirudisha ili mchezo uendelee. Akasema huyu hana ila. Ni mtoto wa mbwa, basi. Nguvu mliyo nayo iwekeni kwenye kuficha viatu.

Nikaruka kwa furaha. Peke yangu. Mke wangu akasema mbwa kafaulu, ila yeye sasa ana wasiwasi na mwingine ndani ya nyumba hii, na atatoa jibu kesho.

Daktari naye akanipa kazi ngumu kuliko zote: nikamwambie Bi Pazia mwenyewe, leo.

Nimemwambia. Aliporudi kutoka shuleni nimempelekea Karani, nimesimama mlangoni kwake, soksi mkononi, nikasema yote. Alinipa maneno, na nilistahili mengi kati yake. Alisema hata mapazia yake hayajawahi kuficha mambo kama yangu. Kisha akamwangalia Karani, aliyekuwa keshaenda kona yake, na hasira ikamwisha ghafla. Akaketi sakafuni na gauni lake zuri. Akauliza kama ni yeye aliyemharibu.  Daktari, aliyenifuata nyuma, akaketi naye chini, akamwonyesha: usichukue bakuli, ongeza. Kaa mbali, mrushie kipande kitamu kuliko alichonacho, uende zako. Kesho karibu kidogo. Keshokutwa karibu zaidi. Usimvute akijificha.

Bi Pazia akafikiri. "Kumbe mkono mtupu haulambwi," akasema.

Akarusha kipande cha nyama. Karani akakitazama. Akamtazama Bi Pazia. Akakila. Bi Pazia akalia na kucheka kwa pamoja, na mimi, nisiyehusika, nikapata kitu jichoni. Akasema bila huu uongo wangu, angeyajua haya mbwa akiwa mkubwa na meno yake yote.

Bila uongo wangu! Kasema mwenyewe. Mbele ya shahidi.

Jumapili, 9 Machi

Nimesubiri jibu toka asubuhi. Nimeosha vyombo. Nimefagia uani. Nimerudishia sponji kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu na kukishona upya. Nimekibonyeza. Hakilii.

Mke wangu alikuwa chumbani anajiandaa kwenda zamu. Kimya. Nikachungulia. Kaketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Kiatu cha pili kina Jemadari, kalala, pua imeingia mahali pa vidole. Zamu inaanza baada ya dakika ishirini na tano na mke wangu, ambaye miaka ishirini na sita hajachelewa, kaketi anangoja mbwa aamke.

Nikamuuliza jibu. Akaniambia ninyamaze, nitamwamsha.

Amekwenda kazini na ndala. Kwenye meza kaacha kitambaa cha kahawia, kakikunja na kukishona pindo kwa mshono wake ule wa vidonda: ukanda wa shingo. Kwa ndani kaandika kwa kalamu ya zahanati jina la mbwa na la mtaa wetu.

Amebaki! Jemadari amebaki! Nimempigia simu kitindamimba, nimemweleza yote, amecheka mpaka mumewe kaja kuuliza kuna nini. Kasema atakuja kumwona mwisho wa mwezi. Nyumba itajaa. Nimemnyanyua Jemadari juu hewani, kanikojolea shati, sikubadilisha hadi jioni.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki njema sana. Karani anaendelea. Juzi alimwacha Bi Pazia aongeze chakula bakulini kwa mkono, akatikisa mkia, mara mbili, Bi Pazia kaja kunigongea ukuta kunipa habari. Bomba la pazia lilianguka tena jana, akatoka chini ya cherehani kabla ya kuhesabu hamsini. Daktari anasema ni hatua kubwa.

Nimetafakari haya yote na nimefikia uamuzi. Nani aligundua tatizo la Karani? Mimi. Nani aliandaa mtihani uliolifichua? Mimi. Kipaji kama hicho hakifai kukaliwa. Jumatano nimemwomba daktari tushirikiane. Akasema atafikiria, akawasha pikipiki kabla sijamaliza sentensi. Nimelichukua kama ndiyo.

Kwa hiyo tangu Alhamisi kuna kibao mlangoni: MKAGUZI WA TABIA ZA WATOTO WA MBWA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Makochi pia.

Leo kaja mteja wa kwanza! Dereva wa gari la maji, na kijibwa cha miezi minne, cheusi. Dereva ana wasiwasi, nyumbani ana wajukuu. Nikamkaribisha kiti. Nikaweka kiganja mgongoni mwa mbwa, nikabonyeza, nikasikiliza. Hakuna sauti. Mwili umekaza barabara. Nikatabasamu. Nikamwambia dereva asihofu, hii ni mbao ngumu, nimeshaona wengi. Nikamwekea chakula. Mbwa akala, nikasogea, akaacha kutafuna na kutulia tuli, akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikamwambia dereva atazame utulivu huo. Jemadari, aliyekuwa mguuni pangu, aliondoka akaenda kusimama nyuma ya kabati, na nilimshangaa.

Ili dereva aamini kabisa, nikaweka mkono bakulini.

Ninaandika haya kwa mkono wa kushoto.

Mke wangu ndiye aliyekuwa zamu zahanati. Kaosha, kafunga, kanidunga sindano mbili. Dereva, mtu mwungwana, alikuja na cheti cha chanjo za mbwa, na tayari mbwa huyo kapelekwa kwa daktari wa mifugo kuanza masomo pamoja na Karani. Hilo nalo ni matunda yangu. Kisha mke wangu akajaza fomu. Nimeisoma kichwa chini. Jina, umri, sehemu iliyoumia. Mahali paliposema chanzo cha ajali hakuandika mbwa. Kaandika: mume wangu.

Nimemwambia kakosea, kwa heshima, mbele ya wagonjwa. Chanzo ni bakuli. Lilikuwa dogo mno, mkono na mdomo havikuenea. Jumatatu nitanunua kubwa.